Dirisha la kanisa limetuna, tulisukume lirudi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu, jengo ni la zamani sana na lina dirisha kubwa la vioo vya rangi, sasa limeanza kutuna kwa ndani kama tumbo na vipande vitatu vimepasuka. Mwenzetu mmoja anataka tulisukume lirudi halafu tuzibe nyufa kwa silikoni, wazee nao wanasema kioo huwa kinatiririka polepole ndo maana chini ni kinene. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu katibu, chondechonde msilisukume! Na hilo la kioo kutiririka si kweli, kioo cha zamani kilipulizwa kwa mdomo kwa hiyo unene wake haukulingana tangu siku ya kwanza. Kinachochoka hapo ni risasi, ile mikanda laini ya kijivu inayoshika vipande, maana jua likiwaka inatanuka, usiku inasinyaa, miaka mia na zaidi ya mchezo huo inachanika kwenye maungio, na zile waya za shaba zinazofunga dirisha kwenye nondo zikikatika uzito wote unashuka chini. Ukisukuma utavunja hata vioo vizima.

Pigeni picha kila sehemu, ndani na nje, kisha tafuteni fundi wa vioo vya rangi hasa, si fundi madirisha tu. Atalishusha, alilaze mezani, afungue risasi na kuweka mpya pale ilipokufa. Vile vilivyopasuka asitupe! Vinaungwa ukingo kwa ukingo kwa gundi ya epoksi angavu na ufa unabaki kama unywele.

Na kusafisha muache kabisa. Nyuso na mikunjo ya nguo zimechorwa kwa rangi ya unga wa kioo na oksidi ya chuma iliyochomwa tanurini, isipoiva vizuri inabanduka. Niliwahi kuona jicho la malaika limebaki kwenye kitambaa cha mtu aliyefuta kwa sabuni tu, mpaka leo naumia.

Haraka haifai, lile dirisha la mashariki la kanisa kuu la York Minster kule Uingereza, la mwaka 1405 hadi 1408, lina paneli 311 na ukarabati wake ulichukua kama miaka 10 mpaka 2018.

Kwa sasa zuieni watu wasikae chini yake, kipande kikidondoka kitieni kwenye bahasha na muandike kilitoka wapi, na ule unga mweupe kwenye risasi ni sumu, mkiugusa naweni mikono.