Maswali na majibu: Wanasoma sana, mbona hawanunui?

Inboksi imejaa, na wengi mnauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: mnaandika makala za kuuzia bidhaa zenu mtandaoni, watu wanasoma, hela haionekani. Nimechukua maswali machache, twende nayo.

Swali: Nauza cherehani na vifaa vyake mtandaoni. Wasomaji wa makala zangu ni wengi tu ila wanaonunua ni wa kuhesabu. Nakosea wapi kaka?

Dada, nimezisoma makala ulizonitumia na kuandika unajua, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba ile ya kuchagua cherehani bora unaongea na watu watatu kwa mpigo, na kila mmoja anahisi unaongea na mwenzake. Kuna anayeanza, hajui hata bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inakaa wapi, na anachoogopa ni kununua kitu kitakachomshinda kikabaki pambo la chumbani. Kuna fundi mwenye wateja wanaomgongea mlango, huyo hataki kufundishwa kutia uzi, anataka kujua hiyo mashine itavumilia kushona kutwa au mota itachemka kabla ya saa nane. Alafu kuna mnunuzi wa chuo au karakana anayetaka mashine kumi, na huyu pengine kushona kwenyewe hajui, ila ana bosi wa kumridhisha na makaratasi ya kujaza.

Sasa angalia sentensi yako hii: "Mashine zetu zina kasi kubwa." Nani afurahi hapo? Kwa fundi ungeandika kwamba cherehani ya kiwandani ya mshono ulionyooka inaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika wakati nyingi za nyumbani zinaishia kwenye 1,000 au chini yake, kwa hiyo siku akipata oda ya sare nyingi ndo ataielewa tofauti. Kwa anayeanza kasi hiyohiyo ni kitisho, akikanyaga pedali kidogo tu kitambaa kimeshakimbia na mshono umepinda, kwa hiyo yeye mwambie kuna za nyumbani zenye kitufe cha kupunguza kasi, na zinapiga zigizaga pia, kitu ambacho ile ya kiwandani ya mshono ulionyooka haifanyi. Na yule wa karakana? Kasi wala haimnyimi usingizi. Anataka waranti, spea zinapatikana wapi, nani atakuja kufunga na kuelekeza watu, na profoma, yaani ankara ya bei ya kupeleka kwa bosi kabla ya kulipa, itamfikia baada ya muda gani.

Umeona sifa moja ilivyogeuka: faida kwa huyu, hofu kwa yule, na wa tatu haimhusu kabisa. Usiwachanganye, tenga makala tatu. Na mwisho wake pia uwe tofauti, maana zote umezimalizia na kitufe cha "Nunua sasa". Anayeanza mpe "Uliza swali", fundi mpe "Angalia bei na stoki", mnunuzi wa taasisi mpe "Omba profoma". Mtu wa taasisi hawezi kubofya nunua hata akipenda, hela sio yake.

Swali: Nimeshauriwa nigawe wasomaji kwa umri na jinsia. Ni sahihi?

Inasaidia kidogo, ila wengi wanaishia hapo na hapo ndo panapowapoteza. Wanawake wawili wa miaka 35, mmoja anaishi kwa kushona, mwingine anataka kupunguza pazia, umri umekwambia nini juu yao? Wendell Smith alipoandika juu ya kugawa soko kwenye Journal of Marketing mwaka 1956, hoja yake ilikuwa kwamba soko linaloonekana moja ni masoko madogomadogo ya watu wenye mahitaji tofauti. Mahitaji ndo kitu cha kushika, umri na jinsia ni dalili tu, na mara nyingine ni dalili ya uongo.

Mimi naanza na swali alilokuja nalo msomaji, na amefika wapi katika kuamua. Eugene Schwartz, mwandishi wa matangazo wa Marekani, mwaka 1966 aliwapanga wateja kwa ngazi tano: hajui kama ana shida, anajua shida, anajua suluhisho lipo, anaijua bidhaa yako, na wa mwisho ameshaamua anasubiri bei tu. Anayetafuta "kwa nini uzi unakatika nikishona" yuko ngazi ya pili. Ukimrukia na tangazo la mashine mpya atafunga ukurasa, lakini ukimwonyesha kwamba sindano butu au mkazo wa uzi uliozidi ndo mara nyingi chanzo, utamuuzia pakiti ya sindano leo na mashine baadaye. Anayetafuta "oveloki ya nyuzi nne bei", yaani ile mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, huyo usimweleze historia ya oveloki jamani, mpe bei!

Swali: Sina hela ya utafiti. Nitajuaje wasomaji wangu ni kina nani?

Data unayo, hujaifungua tu. Ingia Google Search Console, ni bure, itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google kurasa zako zikatokea, na inaweka rekodi ya miezi 16 nyuma. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana inayaficha kwa ajili ya faragha, kwa hiyo usitegemee kuona yote, ila utakayoyaona yanatosha. Yatenge kwa nia: anayetaka kujifunza, anayelinganisha, anayetaka kununua. Utakuta makala uliyoiandikia wanunuzi imejaa watu wa "jinsi ya", na hapo hakuna uchawi, umepata wasomaji sio wateja.

Kingine ni meseji. Fungua chati za wateja, za walionunua na za walioishia kuuliza bei wakapotea, kopi maswali yao kama walivyoyaandika na makosa yake yote. Usiyanyooshe. Mtu akiandika "hii inapiga jinzi kweli au itanivunjia sindano" hicho ndo kichwa cha makala yako, kuliko "Uwezo wa mashine kwenye vitambaa vizito" ambacho hakuna binadamu anayeongea hivyo. Na ukimjibu jibu kweli: aweke sindano namba 16 ya jinzi, apunguze kasi kwenye maungio mazito. Akiona umejua anachoogopa, hata kwenye bei hatakusumbua sana.

Swali: Makundi mangapi yanatosha?

Mawili au matatu. Nimeona mtu ana makundi tisa kwenye jedwali zuri lenye rangi, na makala tangu aanze ni nne. Kipimo changu ni kimoja: kama kundi hili na lile utawaandikia mwanzo uleule, mfano uleule na mwisho uleule, basi hilo ni kundi moja, liunganishe ukaendelee na kazi.

Swali: Nikiandika mada moja mara tatu kwa makundi matatu, Google haitaniadhibu?

Adhabu hakuna kwa sababu hiyo, kama hujafanya kwa nia ya kudanganya. Kinachotokea kurasa zikifanana sana ni kwamba Google inachagua ukurasa mmoja wa kuonyesha na nyingine zinakaa pembeni, yaani kazi zako zinagombania nafasi moja. Kwa hiyo usibadilishe aya ya kwanza tu ukasema umeandika upya. Makala ya fundi iwe na maswali ya fundi toka kichwa cha habari mpaka mwisho, mathalani sindano za DBx1 za mashine za kiwandani haziingiliani na zile za nyumbani, hilo ni la kwake na huyu anayeanza ungemchanganya bure.

Kama mada inafanana kweli, andika ukurasa mmoja wa jumla, juu kabisa weka linki mbili tatu: "Ndo naanza", "Mimi ni fundi", "Nanunulia taasisi". Mtu ajichague mwenyewe. Naipenda njia hii kuliko zile programu za kubashiri msomaji ni nani, maana programu hukosea na msomaji anayejichagua hukosea mara chache. Alafu ukihesabu kliki za kila linki utajua kundi gani ni kubwa bila kumuuliza mtu yeyote umri wake.

Swali: Kwa vijana nitumie lugha ya mtaani na kwa wakubwa lugha rasmi?

Tumia lugha unayoiongea bila kujikaza. Kijana anamjua anayeigiza ujana ndani ya sekunde mbili, na mkubwa hakatai lugha nyepesi, anakataa kupotezewa muda. Badilisha mifano na kina, sauti iache iwe yako.

Swali: Walioshanunua nao niwaandikie? Si wameshanunua?

Hao ndo wa kwanza! Na ndo watu wanaosahaulika kuliko wote. Wauzaji wa kwa posta zamani waliwapanga wateja kwa vitu vitatu: alinunua lini mara ya mwisho, ananunua mara ngapi, anatumia kiasi gani. Mpaka leo inafanya kazi na unaweza kuifanya kwenye daftari. Aliyenunua juzi mwandikie jinsi ya kusafisha na kutia oili, ili asije kukurudishia mashine kwa kosa la vumbi. Anayerudi kila mara kuchukua nyuzi mwandikie mapema ukipokea rangi mpya, kabla ya wengine. Aliyepotea mwaka mzima usimtumie ofa kwanza, muulize mashine inaendeleaje. Akijibu imeharibika, unajua cha kufanya.

Ila jamani, aliyekupa namba yake kwa ajili ya risiti hajakuomba umtumie makala. Muulize kwanza, na ajue pa kujitoa.

Swali: Nitajuaje makala ipi imeleta mauzo?

Usiangalie waliosoma, angalia waliosogea hatua inayofuata. Kila linki ya kwenda dukani iwe na alama yake, ili ujue huyu ametoka makala ya fundi na yule ya anayeanza. Kama mnamalizana kwenye chati, weka meseji iliyoandikwa tayari, mtu akibofya inatokea "Nimetoka kwenye makala ya mafundi, naomba bei". Rahisi na haidanganyi sana.

Inadanganya kidogo kwa sababu mteja anaweza kusoma makala tatu, akakaa mwezi, akarudi kwa kuandika jina la duka moja kwa moja, na ripoti ikasema makala hazijaleta kitu. Kwa hiyo muulize pia kwa mdomo wakati analipa: ulisoma nini kabla ya kuja? Na usifute makala kwa sababu ya wiki mbaya, maana ukiwa na wanunuzi watano kwa mwezi, mmoja akiugua tu grafu yote inaanguka. Ya mnunuzi wa taasisi ndo uipe muda mrefu kuliko zote, inaweza kusomwa na watu wachache mno na mmoja wao akaagiza mashine kumi.