LTspice inagoma? Angalia graundi

Ndugu, umeuliza kama uachane na LTspice (programu ya kujaribia saketi kwenye kompyuta) kwa sababu inakataa kuendesha saketi yako ya kwanza. Usiiache, ni ya bure na inatosha kabisa. Nahisi hujaweka alama ya graundi, yaani sehemu ya saketi inayohesabiwa kuwa volti 0. Bila hiyo programu haina pa kuanzia kupima volti.

Jaribu kitu kidogo: rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya mikrofaradi 100. Ukitumia betri tupu ya volti 5 utaona mstari mnyoofu, maana programu huanza kapasita ikiwa imeshajaa. Weka chanzo cha PULSE (kinachoruka kutoka volti 0 hadi 5), utaona volti ya kapasita ikipanda hadi karibu volti 3.2 ndani ya sekunde 0.1.

Megaomu 1 andika 1Meg. Ukiandika 1M inasoma miliomu (mimi kosa hilo lilinilia jioni nzima).