Mfundishe kusoma logi kabla hujampa ufunguo wa seva

Asubuhi moja nilipigiwa simu na kijana niliyekuwa nikimfunza kazi ya seva ya barua pepe. Alikuwa katika wiki yake ya tatu, na siku hiyo alikuwa zamu peke yake. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alikuta foleni ya Postfix, programu inayopokea na kusambaza barua kwenye seva, ina barua zaidi ya elfu kumi na nne, watumiaji wanalalamika kwamba barua zao haziendi, naye akalimaliza tatizo kwa amri moja: postsuper -d ALL. Foleni ikawa tupu.

Nyingi ya barua zile zilikuwa taka. Mtu alikuwa amebahatisha neno la siri la mfanyakazi mmoja, akaigeuza akaunti yake bomba la kumwagia spamu. Lakini katikati ya taka hizo mlikuwa na ankara za kampuni, mkataba uliokuwa umesainiwa usiku, na majibu ya zabuni iliyokuwa inafungwa mchana ule. Zote zilifutika. Postfix ikifuta barua kwenye foleni inafuta faili lenyewe, na mtumaji hapelekewi taarifa yoyote, kwa hiyo waliotuma waliamini zimefika. Na kwa kuwa akaunti iliyoibwa ilikuwa bado wazi, haikupita saa moja foleni ikajaa upya.

Mkurugenzi alitaka kijana aondolewe. Nilikataa, kwa sababu amri ile aliifundishwa na mimi. Nilikuwa nimempa karatasi yenye amri kumi na tano na maelezo mafupi ya kila moja, na sikuwahi kumpa hata siku moja ya kuifuata barua moja tangu inapotoka mpaka inapofika. Alijua namna ya kufuta. Namna ya kutambua kilichomo hakuijua. Kuanzia hapo nimebadilisha jinsi ninavyofunza, na haya ninayoandika ni kwa yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kuwaandaa mafundi wa TEHAMA kusimamia seva ya barua pepe ya biashara.

Siku mbili za mwanzo hatusakinishi kitu. Ninaandaa seva mbili za mazoezi zisizogusa mtandao wa kampuni, kisha namketisha mwanafunzi mbele ya skrini nyeusi aongee na seva kwa mkono kupitia poti 25, mlango ambao seva hupokelea barua. Anaandika EHLO, ambayo ni salamu, seva inamjibu. Anaandika MAIL FROM ya mtumaji, kisha RCPT TO ya mpokeaji, kisha DATA, kisha barua yenyewe, na nukta moja peke yake kwenye mstari kuonyesha amemaliza. Msingi wa lugha hii Jon Postel aliuandika katika RFC 821, hati ya kanuni za mtandao, mwaka 1982. Salamu wakati huo ilikuwa HELO, EHLO ikaja baadaye, lakini mpaka leo seva kubwa kabisa duniani bado zinazungumza kwa namna hiyo.

Zoezi hili linaonekana la kizamani, na wapo walimu wanaoliruka. Mimi siliruki hata nikibanwa na muda, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi anapogundua jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: barua pepe ina bahasha, na bahasha si barua. Anwani anayoitaja kwenye MAIL FROM ni ya bahasha. Ile anayoiona mpokeaji kwenye mstari wa From imeandikwa ndani ya barua, na hakuna kinachozilazimisha zifanane. Namwambia ajitumie barua ambayo bahasha yake inataja mtu mmoja na ndani inataja mwingine. Inapofika kwenye sanduku lake ikiwa imevaa jina la bosi wa kampuni, anakaa kimya kidogo. Huwa naukaribisha ukimya ule, kwa sababu ndio unaomfanya aelewe utapeli wa ankara bandia unavyowezekana. Mfumo huu ulibuniwa wakati mashine chache zilizoaminiana ndizo zilizokuwa zikizungumza. Utaratibu wa mtumaji kujithibitisha kwa neno la siri ulikuja kuwekewa kanuni mwaka 1999, miaka 17 baadaye.

Mwanafunzi aliyeishika bahasha hapati shida na njia tatu za kuthibitisha mtumaji, SPF, DKIM na DMARC, herufi ambazo wengi huzikariri kama dua. SPF inauliza: je, seva hii imeruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa (jina linalofuata alama ya @) kilichotajwa kwenye bahasha? DKIM ni sahihi ya kidijitali inayosafiri ndani ya barua. DMARC ndiyo inayorudi kwenye jina analoliona binadamu na kudai kwamba angalau kimojawapo kati ya viwili hivyo kimepita, tena kwa kikoa kinacholingana na kile cha mstari wa From. Ukianza kwa kumfundisha rekodi za kunakili na kubandika kwenye DNS, ile orodha ya majina ya mtandao, atabandika. Siku barua iliyoelekezwa kutoka sanduku moja kwenda lingine itakapoanguka SPF, hatajua kwamba seva iliyoielekeza haimo kwenye rekodi ya mtumaji wa kwanza, na ataanza kubadilisha mambo ambayo hayana kosa.

Hapo hapo namwonyesha mtego ambao umewanasa hata wakongwe: SPF inaruhusu maulizo kumi tu ya DNS. Kila idara ikiongeza huduma yake, masoko wana ya kwao, uhasibu wana ya kwao, siku moja yanazidi kumi na rekodi nzima inahesabiwa kuwa na kosa la kudumu. Hakuna aliyegusa seva, ila barua za kampuni nzima zinaanza kutiliwa shaka. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai vyote vitatu kwa anayetuma barua nyingi, ambaye Google wanamtaja kuwa ni anayepeleka 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail. Ndiyo maana kazi hii haiwezi tena kuachiwa kubahatisha. DMARC mwanafunzi wangu huanza na p=none, yaani isizuie kitu, anasoma ripoti kwa wiki kadhaa, ndipo anakaza. Anayerukia p=reject, yaani kataa kila isiyopita, siku ya kwanza atazizuia barua za mishahara zinazotumwa na mfumo ambao hakuna aliyekumbuka kwamba upo.

Sasa logi, daftari ambamo seva huandika kila inachofanya. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote, na singekubali kupunguza hata siku moja. Kila barua inayoingia Postfix inapewa kitambulisho chake cha foleni. Namkabidhi mwanafunzi logi ya siku nzima ya seva ya mazoezi na swali moja: barua iliyotumwa saa nne na dakika kumi iko wapi? Atafute kitambulisho, akifuate mstari kwa mstari, aniandikie safari ya barua hiyo kwa Kiswahili cha kawaida, kama anamsimulia mtu wa mapokezi. Asipoweza kuisimulia, hajaielewa.

Katika mistari hiyo anakutana na namba. Inayoanza na 4 maana yake "siyo sasa, jaribu tena". Inayoanza na 5 maana yake "sitaki, usirudie". Tofauti hii ndogo ndiyo inayotenganisha fundi anayesubiri na fundi anayeharibu. Barua iliyopata 451 kwa sababu seva ya upande wa pili inawachelewesha makusudi watumaji wageni itajipeleka yenyewe muda si mrefu. Postfix isipobadilishwa mipangilio huendelea kujaribu kwa siku tano kabla ya kukata tamaa. Barua iliyopata 550 5.1.1 haitafika hata ukiitingisha vipi, kwa sababu mpokeaji huyo hayupo. Nimewaona mafundi wakiwasha na kuzima seva mara tatu kwa ajili ya anwani iliyokosewa herufi moja.

Kisha kuna neno linalodanganya, status=sent. Mgeni husoma hapo kwamba barua imefika. Lililothibitishwa ni kwamba seva inayofuata imeipokea barua na kukubali kuwajibika nayo. Baada ya hapo inaweza kuwekwa kwenye folda ya taka, kuzuiliwa na kichujio, au kuhamishwa na kanuni aliyoiweka mpokeaji mwenyewe na kuisahau. Mwanafunzi anapaswa kujua kumwambia mtumiaji kwa unyofu: "Seva yao iliipokea saa nne na dakika kumi na moja, jibu lao ni hili hapa, naomba wamwulize fundi wao." Sentensi kama hiyo, ikiwa na ushahidi wa logi, inaokoa mabishano ya siku mbili.

Kuna na mambo madogo yanayojitokeza kila wiki, ambayo huyafundisha kwa kuyaharibu kwa makusudi. Mwanafunzi akitoka kunywa chai, ninajaza diski. Au ninaondoa rekodi ya kinyume ya anwani ya IP, ile inayotoa jina kutoka namba, halafu namwacha ashangae kwa nini baadhi ya seva zinamkataa na nyingine zinamkubali. Au ninaacha cheti cha TLS, kinacholinda mawasiliano kwa usimbaji, kiwe kimesasishwa kwenye diski huku Dovecot, programu inayowapa watumiaji barua zao, ikiendelea kushika cha zamani, kwa sababu hakuna aliyeiambia isome upya. Vyeti vinavyodumu siku 90 vimeleta shida hii sehemu nyingi. Lingine ninalolipenda ni la kiambatisho: faili la megabaiti 20 linakataliwa na seva yenye kikomo cha 25. Mwanafunzi anaapa kwamba seva imekosea, mpaka akumbuke kwamba faili linaposafiri kwa barua pepe hugeuzwa maandishi, na kila baiti tatu huwa herufi nne. Ishirini inakuwa karibu ishirini na saba.

Wakishazoea, nawapa kisa cha kweli cha Exchange, programu ya seva ya barua pepe ya Microsoft, cha tarehe 1 Januari 2022. Mwaka ulipogeuka, barua zilikwama kwenye foleni za seva za Exchange 2016 na 2019 katika kampuni nyingi duniani. Toleo la kichujio cha virusi liliandikwa kama tarehe, 2201010001, na programu ikajaribu kuiweka namba hiyo mahali pasipoweza kubeba zaidi ya 2147483647. Nawauliza: ni usiku wa sikukuu, foleni inapanda, utafanya nini kwanza? Anayesema "nitafuta foleni" anarudi kwenye logi za wiki ya kwanza. Barua zile hazikuwa zimepotea, zilikuwa zinasubiri. Logi ilitaja namba yenyewe iliyokataa kubadilishwa, na aliyeisoma alijua kwamba kichujio ndicho cha kushughulikia.

Kuhusu usalama nitasema kifupi, kwa kuwa mengi yameandikwa. Hatua mbili za kuingia kwa kila mtumiaji, wakubwa wakiwemo. Kikomo cha barua ambazo akaunti moja inaweza kutuma kwa saa. Kingekuwepo asubuhi ile, foleni isingefika elfu kumi na nne. Watumiaji watume kupitia poti 587 au 465, na 25 ibaki ya seva kwa seva.

Nakala rudufu ni jambo jingine. Usimwulize mwanafunzi kama nakala zipo. Futa sanduku moja la mazoezi, mpe saa, mwambie alirudishe kama lilivyokuwa juzi. Mara ya kwanza karibu kila niliyemfunza amekwama: nakala ipo ila funguo zake ziko kwenye seva ile ile iliyokufa, au barua zimerudi bila folda zake. Ni heri akwame hapo.

Na kabla sijampa neno la siri la seva halisi, tunakaa chini tuongee kuhusu jambo lisilo la kiufundi. Kuanzia siku hiyo anaweza kusoma barua ya kila mtu katika kampuni: ya ugonjwa, ya mshahara, ya ugomvi na mke. Namweleza kwamba kitambulisho cha foleni, muda, mtumaji, mpokeaji na jibu la seva vinatosha kutatua karibu kila tatizo atakalokutana nalo, na kwamba kufungua barua yenyewe kunahitaji ruhusa ya maandishi. Nimewahi kumzuia fundi hodari asipewe seva kwa sababu alicheka barua ya mwenzake aliyoiona kwenye mazoezi. Sijutii.

Kijana wa asubuhi ile tulianza naye upya, kuanzia EHLO. Miezi kadhaa baadaye akaunti nyingine iliibwa, na foleni ikapanda tena wakati yuko zamu. Aliifunga akaunti kwanza, akabadilisha neno la siri, akachuja barua za mtumaji huyo peke yake na kuzishikilia kwa postsuper -h bila kufuta hata moja, akaziacha za wengine zipite. Alipozihakiki zilizoshikiliwa alikuta mbili za halali, akaziachilia. Simu aliyonipigia mchana ilikuwa ya kuniuliza kama ripoti aiandike leo au kesho.