Mwezi umekuwa doa jeupe

SWALI: Nikipiga picha ya mwezi juu ya milima, mwezi huwa doa jeupe. Nikipunguza mwanga, milima inazama gizani. Nifanyeje?

JIBU: Piga mbili, kamera ikiwa kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, fokasi ya mkono, si ya otomatiki. Ya mwezi, sekunde 1/125. Ya milima, anza na sekunde 4 giza linapoingia. Usikawie katikati: mwezi husogea upana wake mzima kwa dakika 2 hivi. Kwenye kompyuta, katika programu ya kuhariri picha, weka picha ya mwezi iwe tabaka la juu ya ile ya milima, ufiche yote yasiyo mwezi kwa brashi laini.

Kinachoharibu kazi ni ule mng’ao mpana unaouzunguka mwezi kwenye picha ya milima. Ukibakia, mwezi huonekana umebandikwa. Afadhali jioni ya kuamkia mwezi mpevu: mwezi huchomoza jua halijazama, na tofauti ya mwanga ni ndogo.