Thunderbird haileti barua za zamani

Kama unajua kabisa barua ipo ila ukiitafuta Thunderbird (ile programu ya barua pepe) haiileti, ingia kwenye mipangilio, ile sehemu ya jumla, shuka chini utaona pa kuwasha utafutaji wa jumla, kama hapana tiki ndo tatizo lenyewe, weka halafu iache ijipange maana ukiwa na maelfu ya barua haimalizi sasa hivi. Tiki ipo na bado inaleta mauzauza? Funga programu, nenda folda ya profaili (ile inapotunza barua na mipangilio yako) ufute faili la global-messages-db.sqlite, usiogope barua hazifutiki hiyo ni faharasa tu, yaani orodha ya kutafutia, ukifungua inajijenga upya.

Mi binafsi napenda zaidi Ctrl+Shift+K, inakupa sehemu ya kuchuja barua, unaandika jina la mtu, folda inabaki na barua zake tu.

Kwa zile grupu za habari (newsgroups, majukwaa ya mijadala unayoyasoma humo humo Thunderbird) sasa, kumbuka kwa kawaida inashusha vichwa vya meseji kwanza, so ukitafuta neno lililo ndani ya meseji ambayo hujaishusha hulipati ng'o. Ah na Ctrl+Shift+F, inafungua dirisha la kutafuta meseji, ukishaweka masharti yako unaweza kuyasevu yakawa folda kabisa, inajijaza yenyewe, tamu hiyo.