Nzango kwanza, mpira baadaye

Wiki hii mmeuliza: michezo ya jadi ikiingizwa kwenye ratiba ya shule, je, watoto wengi zaidi watashiriki michezo? Mimi nafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na nasema ndiyo, ila kwa sharti: shule isiigeuze kuwa onyesho.

Tuanze na ardhi yenyewe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na viwanja vingi vya shule vimelala juu ya mawe meusi yanayokata hata soli ya kandambili. Mtoto akianguka kwenye mpira, goti linachanika na iniforme pia. Halafu mpira wenyewe ni mmoja, unakaa ofisini kwa direkta. Ukitolewa, wanaucheza wavulana walewale wenye viatu, na wasichana karibu wote wanasimama ukutani kushangilia. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, basi na hao wa ukutani wameongezeka.

Sasa waangalie haohao wakati wa mapumziko. Wasichana wanajipanga mistari miwili inayotazamana, makofi yanaanza, wimbo unapanda. Mmoja anatoka mbele, anaruka sambamba na mwenzake wa upande wa pili, na wakitua kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Upande mmoja unahesabu alama miguu ikifanana, mwingine ikipishana, wameshakubaliana kabla. Hiyo ndiyo nzango. Haidai mpira wala goli, na nafasi iliyo kati ya choo na ukuta inatosha. Aliyeshindwa anampisha mwingine, mstari unasogea, zamu inamfikia hata yule mwenye haya ambaye darasani hanyooshi mkono. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kwenye nzango sehemu nzuri ya dakika hizo inaisha na hakuna aliyelalamika kuchoka.

Kwa wakubwa wa shule wanaosema huo ni mchezo wa wasichana wa mtaani: una kanuni zilizoandikwa, wachezaji 11 kila upande, vipindi viwili vya dakika 25, na ulionyeshwa kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015.

Hofu yangu ni nyingine. Shule moja niliyofundisha zamani iliingiza nzango kweli. Ikachagua wasichana wachache warefu, ikawashonea vitenge, wakacheza mbele ya wageni siku ya kufunga mwaka, basi. Waliobaki walirudi ukutani, safari hii kuishangilia nzango.

Najua wenzangu wa Goma wataniuliza chukudu iko wapi, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Watoto wa huku wanajichongea zao ndogo, magurudumu ya mti yaliyovishwa vipande vya tairi, wanateremka nazo kwa kelele. Ufundi ule naupenda mno. Ila barabara zetu zina malori, na wako watoto wanaosukuma chukudu ya magunia ya makaa kabla ya kuja masomoni. Huyo ukimwambia saa ya michezo ni ya chukudu, umemrudisha kazini. Igisoro nayo, lile bao la safu nne za mashimo manane, inafundisha hesabu kuliko mimi. Wakae waicheze, lakini tusiiandike kwenye ratiba kuwa mazoezi ya mwili.

Ninavyofanya darasani kwangu ni hivi. Saa ya michezo wote wanacheza nzango, wavulana wakiwemo, na anayeongoza ni mtoto anayeujua mchezo. Mimi nakaa pembeni kuhesabu. Wavulana walianza kwa kucheka, wakafungwa vibaya, wakadai mechi ya marudiano. Maksi sitoi, kwa sababu siku nitakapotoa, wataanza kuchaguana wanaoweza tu. Mpira nao haujafukuzwa, unatoka kila mtu akishatokwa na jasho.

Kinachotukwamisha ni sketi za iniforme. Zinabana, msichana harushi mguu mpaka aishike kwa mkono, na makofi yanaharibika. Nimeiomba kamati ya wazazi iruhusu kaptula chini ya sketi siku ya michezo. Baadhi ya akina baba wanasema si heshima, akina mama wengi wananiunga mkono, na mkutano umeahirishwa tena.