Kuku mmoja, rafu nne: maswali yenu kuhusu kazi ya ukutubi

Habari za kazi, wahariri. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anang'ang'ania kusomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba. Mimi naona ni kazi ya kukaa, kugonga muhuri na kuwanyamazisha watu. Kuna taaluma gani hapo? – Mzazi, Tabora

Mzazi mwenzetu, ukimtazama mkutubi mezani ni kweli huoni kazi, maana nyingi imefanyika kabla hujaingia mlangoni. Chukua kitabu kimoja tu, tuseme cha kuku. Kikifika kinalinganishwa na hati ya ununuzi, kisha kurasa zinafunuliwa kuona kama kuna zilizorukwa au kuchapwa juu chini. Kasoro ikigunduliwa baada ya muhuri kupigwa, muuzaji hakipokei tena. Muhuri unapigwa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu na kwenye ukurasa mmoja wa siri, mathalani wa 17, ili mwizi akichana kurasa za mbele alama ibaki. Kinaandikwa kwenye daftari la usajili na kupewa namba ambayo haitapewa kitabu kingine, hata hiki kikipotea.

Ndipo linakuja swali gumu: kinahusu nini hasa? Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliotoka mwaka 1876, kuku ana makao manne. Akichunguzwa kama ndege na wanabiolojia, ni 598. Akifugwa, 636.5. Akiwa sufuriani, 641.665. Akiwa mhusika wa hadithi ya Kiswahili, 896.392. Jalada likisema "Mkombozi wa Familia", asiyejua kazi atakipeleka 200, kwenye dini, na mfugaji hatakiona maisha. Mada nazo ziandikwe kwa namna ileile kila siku. Leo ukiandika "kuku", kesho "ndege wafugwao", msomaji atakayetafuta atapata nusu ya vitabu na kudhani hivyo ndivyo vyote.

Dharau hii ina chanzo. Katika shule nyingi ufunguo wa maktaba hupewa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, na ziko ofisi ambako kuhamishiwa maktaba ni adhabu. Ukikua ukiona hayo, utaheshimu nini?

Kwa cheti na stashahada, binti aulizie chuo cha SLADS, Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Shahada hutolewa na vyuo vikuu kadhaa vya ukanda huu. Makerere imekuwa ikifundisha wakutubi wa Afrika Mashariki tangu 1963.

Nimekabidhiwa maktaba ya shule yenye vitabu kama 800 na haina kompyuta. Nianzie wapi? – Mwalimu, Kilifi

Pole na hongera, mwalimu. Toa vyote nje ya rafu. Vyenye mchwa au ukungu vikae chumba kingine, visirudi na wenzake. Kwa vitabu 800, tarakimu tatu za mwanzo za Dewey zinatosha, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Lebo ikae sentimita 3 kutoka chini ya mgongo. Pima kwa kipande cha kadibodi, kwa sababu ukikisia kwa macho lebo zitapanda na kushuka, na safu iliyopinda inachosha kusoma. Rafu ya sentimita 90 hubeba takriban vitabu 30 vya kiada, lakini ijaze robo tatu tu. Ukiijaza yote, kitabu kipya kimoja kitakulazimu kusogeza rafu zote zinazofuata.

Kwenye kuazimisha ndiko wengi wanaanguka, kwa sababu ya lile daftari moja kubwa. Daftari linafuata siku ya kuazima, hivyo ukitaka kujua nani amechelewa unasoma kurasa zote upya. Tumia kadi. Gundisha mfuko wa karatasi ya manila ndani ya jalada la nyuma, utie kadi yenye namba ya usajili na jina la kitabu. Mwanafunzi akiazima, andika jina lake na tarehe ya kurudisha kwenye kadi, kisha kadi ibaki kwako kwenye boksi, zikipangwa kwa tarehe hiyo. Kila Ijumaa tazama za mbele: wadaiwa wako ni hao, na kazi haifiki dakika tano.

Nilirudisha kitabu mwenyewe kwenye rafu, mkutubi akanikaripia. Kosa langu nini? – Mwanafunzi, Mwanza

Kukukaripia hakukuwa na haja, angekueleza tu. Kitabu cha 636.5 kikiingia kwenye 663.5 kimepotea kana kwamba kimeibiwa, maana orodha inasema kipo na mkono haukioni. Kuna sababu ya pili ambayo wasomaji wengi hawaijui: vitabu vilivyoachwa mezani huhesabiwa jioni. Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha vipi vinasomwa bila kuazimwa, na vipi viongezwe bajeti ikija. Kiache mezani.

Nikiomba kitabu cha sheria mkutubi ananihoji kama polisi. Kwani lazima? – Msomaji, Dar es Salaam

Lazima, ndugu. Anayesema "kitabu cha sheria" mara nyingi anataka kujua kama mwenye nyumba anaweza kumtoa bila notisi, na 340 nzima, yaani rafu za sheria, haitamsaidia jioni moja. Maswali ya kawaida ni matatu: unataka kukifanyia nini, umeshasoma nini, na unakihitaji lini. Akikuuliza kwa sauti mbele ya watu, hapo amekosea yeye, na una haki ya kuomba msogee pembeni.

Ukienda tena, anza na shida yenyewe badala ya jina la somo. Mkutubi atakufikisha kwenye kifungu. Kukwambia kama utashinda kesi si kazi yake, na akikataa usimwone mgumu.